Punda Katika Bajeti ya Maji

Mvua ambayo mkulima wa Kitui au Makueni, nchini Kenya, huitegemea ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ya Machi hadi Mei huja inapotaka, na miaka mingi haitaki. Kwa hiyo kuanzia Juni mito ya msimu, Tiva, Thua, Nzeeu, Kaiti na mingine ya aina hiyo, huwa mikanda ya mchanga mweupe ambayo mgeni angeapa haina hata tone. Maji yamo, ila yako chini. Watu huchimba shimo kwa jembe na mikono, husubiri liote maji, kisha huteka kwa kibuyu au kwa mtungi uliokatwa kichwa, wakimwaga polepole wasitibue mchanga. Kazi hiyo ikiisha, maji yameshapatikana lakini hayajafika. Kati ya shimo na jiko kuna kilomita mbili, nne, mwaka mbaya hata zaidi, za mwinuko, miiba na mawe, na hakuna bomba linalopita hapo. Anapita punda. Kaunti zote mbili zina idara ya maji na idara ya mifugo, na punda huyu huhesabiwa katika ya pili, pamoja na mbuzi na kuku. Kuhesabiwa hivyo ni kosa la kihasibu lenye madhara makubwa kuliko linavyoonekana. Mahali pake ni kwenye hesabu za maji.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa sababu bila hesabu hoja hii itaonekana kama huruma tu kwa mnyama. Tuchukue nyumba ya watu sita. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani lita 90 kwa nyumba hiyo. Mtungi wa kawaida ni lita 20, na mama anayeubeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso hubeba mmoja tu. Shimo likiwa kilomita 4, safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 8, na kufikisha lita 90 kunataka safari tano, kilomita 40. Hakuna anayefanya hivyo. Kinachofanyika ni kwenda mara moja au mbili, na nyumba kuishi kwa lita 40, chini ya lita 7 kwa mtu: ya kunywa, ya kupikia, na kidogo ya kunawa watoto uso. Punda mmoja hubeba mitungi minne kwa safari moja. Lita 80, kilomita 8, asubuhi moja. Bado haijafika 90, lakini umbali kati ya lita 7 na lita 13 kwa mtu ndio umbali kati ya nyumba isiyonawa mikono na inayonawa. Zaidi ya hayo, asubuhi ile imebaki na saa ndani yake: saa za shamba, za soko, za binti kufika darasani kabla ya kengele.

Jambo jingine ambalo hesabu za kawaida hulikosa ni kwamba punda halipishi mzigo wake. Anahitaji kati ya lita 10 na 25 kwa siku kulingana na joto na kazi, lakini huzinywa palepale shimoni. Mwili wake ulioundwa katika majangwa ya kaskazini-mashariki mwa Afrika, ambako babu zake walifugwa takriban miaka 7,000 iliyopita, unaweza kupoteza maji ya karibu asilimia 30 ya uzito wake na kuyarudisha kwa dakika chache za kunywa. Binadamu akipoteza nusu ya hiyo amekwisha. Majani makavu ambayo ng'ombe huyanusa na kuyaacha, yeye huyatafuna. Ndiyo maana ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, ulipoangusha ng'ombe Kitui na kwingineko, aliyekuwa bado anasimama asubuhi kusubiri matandiko alikuwa punda.

Na kumtwika ni ufundi. Gunia lililojazwa nyasi hulazwa mgongoni kwa namna ya kuacha mfereji katikati, uti wa mgongo usiguswe. Mzigo unatakiwa ukae kwenye nyama za pande mbili, usiukalie mfupa. Mitungi huinuliwa na watu wawili kwa wakati mmoja, kulia na kushoto, kwa sababu mmoja ukitangulia peke yake matandiko yote huzunguka na kuishia tumboni. Kamba ya nyuma inayopita chini ya mkia huzuia mzigo usiteleze mbele punda anaposhuka kingo za mto, na kamba hiyohiyo ikiwa ya nailoni tupu, isiyofungwa kitambaa, humchana ngozi kwa siku chache. Anayejua kazi hii humjua punda wake pia: yupi ataongoza njia peke yake hadi nyumbani, na yupi atasimama palepale panapotisha hata achapwe vipi. Ni ujuzi ambao haumo katika mtaala wowote, na wengi walio nao ni wanawake na watoto.

Kwamba mnyama wa kazi ni sehemu ya huduma ya umma, ulimwengu umewahi kuliona vizuri zaidi kule ambako hali ya hewa ni kinyume kabisa cha ile ya Ukambani, eneo la Kitui na Makueni. Januari 1925, ugonjwa wa dondakoo ulizuka katika mji wa Nome, Alaska. Bandari ilikuwa imeganda barafu, ndege za wakati huo zilikuwa na viti vya wazi na hazikuaminika katika baridi ile, na safari ya dawa kwa reli iliishia Nenana. Kutoka Nenana hadi Nome kulikuwa na kilomita 1,085 hivi. Waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150 walipokezana dawa hiyo kwa sleji, magari yasiyo na magurudumu yanayoteleza juu ya theluji, na kuifikisha kwa siku tano na nusu. Watu wanamkumbuka Balto, mbwa aliyeongoza kundi la mwisho na akajengewa sanamu New York. Wanaojua habari hiyo hutaja zaidi Togo na mwendeshaji wake Leonhard Seppala, waliokwenda sehemu ndefu kuliko wote. Lakini kwa hoja yetu shujaa hana umuhimu mkubwa. Umuhimu uko Nenana. Reli ilikuwepo, dawa ilikuwepo, na bado dawa haikuwa na faida kwa mtoto wa Nome mpaka mnyama aliyefunzwa, pamoja na mtu aliyemjua, walipochukua zamu pale reli ilipoishusha. Mwaka ule hakuna aliyesema mbwa wale ni mifugo ya mtu binafsi isiyohusiana na afya ya umma.

Kitui na Makueni zina Nenana zao nyingi. Mojawapo ni bwawa la mchanga: ukuta wa zege unaokatisha mto wa msimu, mafuriko yakajaza mchanga nyuma yake, na maji yakajificha ndani ya mchanga huo jua lisiyafikie. Utooni, kundi lililoanzishwa na Joshua Mukusya mwaka 1978 upande wa Machakos na Makueni, na shirika la SASOL katika Kitui tangu katikati ya miaka ya 1990, yamejenga mabwawa haya kwa mamia, na kazi yao imekuja kuigwa nje ya Kenya. Ni uhandisi wa busara kabisa. Lakini ripoti za miradi ya namna hii hupenda kuishia ukutani: mabwawa kadhaa, watu kadhaa wamefikiwa. Wamefikiwaje? Mabwawa yamepunguza safari, hayakuifuta, na kipande kilichobaki kimeachiwa mnyama ambaye mradi haukumtaja.

Gharama ya kutomtaja ilionekana kuanzia 2016. Nchini China kuna dawa ya asili, ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda. Mahitaji yalipanda wakati punda wa China wenyewe walikuwa wamepungua kutoka milioni 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni 3, na wanunuzi wakageukia Afrika. Kenya ikaruhusu machinjio manne: Mogotio, Naivasha, Turkana, na la nne Kithyoko katika Machakos, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, kabla hujafika Mwingi. Yaani mlangoni mwa Kitui. Utafiti wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, ulihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, zaidi ya asilimia 15 ya punda wote wa nchi. Machinjio yalikuwa yakila asilimia 5.1 kwa mwaka, na uzazi ulikuwa ukirudisha asilimia 1 na ushei. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda milioni 1.8, ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Februari 2020 Waziri wa Kilimo Peter Munya alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu iliibatilisha marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Kuna pingamizi la haki dhidi ya marufuku za aina hii, na wanaolipuuza hawajawahi kukosa karo. Punda ni mali ya mwenyewe. Ikiwa mjane wa Kyuso au Kibwezi amepewa bei ambayo punda wake hajawahi kuifikia, nani amempa mtu wa Nairobi ruhusa ya kumkataza? Jibu langu ni kwamba bei ile ilikuwa bei ya ngozi. Haikuwa na maji ndani yake. Lita 80 za kila siku hazina risiti, kwa hiyo soko halikuziona. Na mwenye punda mwenyewe, akiwa na shida ya leo, hakuwa na namna ya kuziweka mezani akadai fidia yake. Halafu wengi hawakuuza. Waliamka wakakuta kamba imekatwa, na siku mbili baadaye mabaki yakapatikana kichakani bila ngozi. Wizi ulienea kadiri machinjio yalivyoenea, na mali inayoibwa kwa sababu ya soko haiwezi kutetewa kwa uhuru wa soko hilohilo.

Hata aliyeuza kwa hiari, akidhani atanunua mwingine mvua ikirudi, alikosea hesabu moja ya kibayolojia. Mbwa wa sleji hubeba mimba siku 63 hivi, huzaa watoto watano, sita au zaidi kwa mkupuo, na wakifika mwaka mmoja wameanza kufungwa hatamu. Ndiyo sababu Roald Amundsen, alipokwenda Ncha ya Kusini mwaka 1911, aliweza kupanga tangu mwanzo wangapi wa kuvuta na wangapi wa kuliwa njiani: aliondoka kambini na mbwa 52 akarudi na 11, na mpango haukuvunjika. Punda hubeba mimba mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na si busara kumtwika mtoto huyo kabla hajatimiza miaka mitatu. Kundi la mbwa laweza kujazwa upya kwa msimu mmoja au miwili. Punda wa kijiji akiondoka leo, mrithi wake ambaye hajatungwa mimba bado ataanza kazi baada ya miaka minne, na katika miaka minne Ukambani hupita walau kiangazi kimoja kibaya.

Wako pia wanaosema hofu ilitiwa chumvi. KALRO walionya kwamba kwa kasi ile punda wangekwisha Kenya kufikia 2023, na 2023 ilipita punda wakiwepo. Ni kweli. Lakini makadirio yale yalisema "kwa kasi ile", na kasi ile ilikatwa miaka mitatu kabla ya tarehe. Kumlaumu mtabiri wa mafuriko baada ya kujenga tuta si haki. Tena hesabu ya nchi nzima huficha ya kijiji. Punda milioni moja Kenya hawamsaidii mtu wa Mutha ikiwa waliobaki wako Turkana na Kajiado.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maendeleo: punda ni daraja la kupitia, bomba linakuja, na mahali bomba halijafika boda boda imefika. Sehemu yake naikubali bila ubishi. Katika miji ya barabara ya Mombasa, Sultan Hamud, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, mwenye mkokoteni wa punda anashindana na pikipiki na malori ya maji, na mara nyingi anashindwa. Sioni sababu ya kumlilia. Lakini pikipiki hutaka petroli na hutaka njia. Kiangazi kikiwa kikali fedha ya petroli ndiyo ya kwanza kukosekana, na hakuna boda boda inayoshuka kwenye mchanga laini wa mto na kupanda tena ikiwa na kilo 80 nyuma. Na bomba? Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, lilianza kujengwa 2018 na limekusudiwa kushika maji mita za ujazo milioni 688. Likijazwa litakuwa jambo kubwa. Hata hivyo bwawa kubwa hulisha bomba kuu, bomba kuu hulisha tangi, tangi hulisha kioski, na kioski kikiwa kilomita 3 kutoka kwako, tumerudi palepale: mitungi minne na kamba. Kaunti ya Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na watu milioni 1.1 tu waliotawanyika humo. Kupeleka bomba mlangoni mwa kila boma katika nchi kama hiyo hakuko katika mpango wowote wa karibu.

Kaskazini mwa dunia wamepitia mabadiliko haya, na walichojifunza kinafaa kusikizwa hapa. Katika miaka ya 1960 pikipiki za theluji zilianza kuchukua nafasi ya mbwa katika vijiji vya Wainuit wa Kanada. Kama mabadiliko yangeachwa yafuate mwendo wake, kila familia ingepima yenyewe lini mashine inatosha. Haikuwa hivyo. Kuanzia miaka ya 1950, polisi na maafisa waliwapiga risasi mbwa wengi wa Wainuit kwa hoja kwamba ni wazururaji na ni hatari, wakitumia sheria zilizotungwa kwa ajili ya watu wasioishi kwa mbwa. Mwindaji aliyepoteza kundi lake hakuweza kuwafikia sili wala caribou, kulungu wa kaskazini, na hakuwa na fedha za mashine wala mafuta. Akabaki kijijini akisubiri msaada wa serikali. Serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi kwa Wainuit wa Qikiqtani mwaka 2019 na kwa wale wa Nunavik mwaka 2024, safari hiyo ya pili pamoja na fidia. Kilichoombewa radhi hakikuwa mbwa tu. Kilikuwa uwezo wa watu kujilisha, ulioondolewa kabla kingine hakijasimama mahali pake, na maafisa waliofanya hivyo hawakuiona hasara hiyo kwa kuwa katika vitabu vyao mbwa alikuwa mbwa.

Lililobaki ni mateso. Mtu mwenye huruma anaweza kuuliza ikiwa kumwingiza punda kwenye bajeti ni kuhalalisha adhabu yake. Swali ni la haki, maana mitungi minne ni kilo 80 na punda wetu wa kienyeji aghalabu hafiki kilo 150. Amebeba zaidi ya nusu ya uzito wake, mzigo mkubwa kuliko wataalamu wa mifugo wanavyoshauri, na vidonda vya mgongoni vinaonekana kila siku ya soko. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ipo tangu zamani, na Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kusimamia wanyama na ustawi wao. Sheria pekee hazijaponya mgongo. Mashindano ya mbwa wa sleji ya Iditarod, yanayofanyika Alaska tangu 1973, yanapingwa vikali na watetezi wa wanyama hadi leo, lakini kwa kuwa mbwa wale wametambuliwa kuwa wafanyakazi, kuna kanuni: mapumziko ya lazima ya saa 24 mara moja na ya saa 8 mara mbili, na madaktari wa mifugo katika vituo vya njiani. Kwetu mnyama anayechukuliwa kuwa wa bure hana zamu, hana daktari, hana mapumziko. Methali inasema shukrani ya punda ni mateke. Katika hesabu za kaunti mateke yanatoka upande wa pili.

Na kama kuna anayedhani kukihamisha kitu kutoka daftari moja hadi jingine ni ndoto ya mwandishi, Makueni yenyewe imeshafanya. Kwa miaka mingi mchanga wa mito yake ulikuwa bidhaa ya ujenzi: lori huja usiku, hujaza, huondoka kwenda Nairobi. Aliyeuuza aliona fedha; aliyekuwa chini ya mto aliona shimo lake likikauka, kwa sababu mchanga ndio tangi. Mwaka 2015 bunge la kaunti lilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Hoja zote zilizotolewa dhidi ya sheria ile, kwamba mchanga ni mali, kwamba vijana wanapata riziki, kwamba Nairobi inajengwa, ndizo zinazotolewa kuhusu punda, na jibu lililoshinda wakati ule lilikuwa kwamba bei ya lori haikuwa na maji ndani yake.

Idara ya maji ikimchukua punda kwa mtazamo huo, mambo ya kufanya ni ya kawaida na hayahitaji mkopo wa nje. Kila kioski na kila bwawa la mchanga liwe na hori la kunyweshea, lisilo pamoja na mahali pa kuteka watu. Fundi seremala na fundi wa kulehemu wa soko la karibu wapewe mchoro wa mkokoteni wenye hatamu ya kifuani, kwa kuwa punda husukuma kwa kifua, na nira ya ng'ombe aliyotwikwa katika vijiji vingi humkaba. Mkokoteni ukipatikana, palipo na njia tambarare, zile kilo 80 zinaondoka mgongoni. Dawa ya minyoo itolewe kabla ya Juni. Na karatasi ya kila mwezi ya tahadhari ya ukame, ambayo tayari inapima umbali kutoka nyumbani hadi kwenye maji, iongezewe safu moja: nyumba ngapi katika kata hii zina punda anayeweza kutembea umbali huo. Kata ambayo idadi hiyo imeshuka ndiyo ipelekewe lori la maji kwanza, hata kama visima vyake bado havijakauka.